Fungueni makabati ya shule za awali

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua ili nimjibu mzazi aliyelalamika hivi karibuni kwamba mwanawe wa miaka 4 amemaliza muhula mzima katika shule ya awali bila kurudi nyumbani na ukurasa hata mmoja ulioandikwa, na kwamba kila amwulizapo alichofanya siku hiyo, mtoto hujibu kwa neno moja tu: "Nimecheza." Mzazi huyo aliuliza, kwa uchungu ninaoufahamu, kama karo anayolipa ni ya mchezo. Mimi ni mwalimu wa watoto wadogo, mwaka wa 19 sasa, na sina nia ya kumkejeli. Nataka kumweleza kwamba daftari analolitafuta ni rahisi sana kulijaza, nami nimejaza mengi, lakini sikumbuki mtoto hata mmoja aliyejua kuandika kwa sababu ya madaftari hayo.

Nianze kwa kukiri. Katika miaka yangu ya mwanzo kazini nilikuwa nikifika darasani mapema, nachukua madaftari 40 na kuchora katika kila moja mstari wa herufi kwa nukta nukta, kisha watoto wakishaketi napita meza hadi meza nikiwashika mikono na kuiburuza juu ya nukta hizo. Ambaye hakumaliza nilimmalizia wenzake wakiwa mapumzikoni, maana mstari usiokamilika ulikuwa aibu yangu, si yake. Wazazi walifurahi, mwalimu mkuu alinisifu, na hakuna aliyeuliza ni mkono wa nani ulioandika. Pembeni mwa darasa lilisimama kabati la kioo lenye vifaa vizuri vya mbao na shanga, limefungwa, ufunguo wake ukikaa ofisini. Wageni walipotarajiwa tulilifungua, tukapangusa vumbi, tukavipanga vifaa mezani kwa asubuhi moja, kisha tukavirudisha vikiwa vipya kama siku vilivyonunuliwa. Kibao cha nje ya lango kilikuwa na neno Montessori kwa herufi kubwa, jina la njia ya kufundisha ambayo mtoto hujichagulia vifaa na kujifunza kwa mikono yake.

Kilichonibadilisha hakikuwa semina. Sauti ilinikauka, daktari akanikataza kuipaza kwa wiki 2, na mwalimu wa awali asiyeweza kuwaimbisha herufi watoto 40 anabaki mikono mitupu. Niliomba ufunguo wa kabati kwa sababu moja tu, nayo ni kwamba watoto watulie. Nilitandika mikeka, nikaweka vifaa, nikaketi. Mtoto mmoja wa kiume, ambaye katika kumbukumbu zangu nilikuwa nimemwandika "mzito", alichukua ubao mnene wenye matundu 10 na vipande 10 vya mviringo vinavyoingia humo, kila kipande kikiwa na kishikio kidogo juu yake, akavitoa vyote, akavichanganya, akaanza kuvirudisha. Kipande chembamba kilizama katika tundu pana naye hakujali. Aliendelea mpaka mwisho, akabaki na kipande kinene mkononi na tundu lisilokipokea. Alikitazama kwa muda mrefu. Kisha akavitoa vyote, akaanza upya. Sikuwa na sauti ya kumsaidia, na namshukuru Mungu kwa hilo, kwa kuwa msaada wangu ungeiharibu asubuhi yake. Kosa lake alilionyeshwa na tundu lenyewe, bila kalamu yangu nyekundu. Nikaona pia jinsi alivyovishika vile vishikio, kwa kidole gumba, cha shahada na cha kati, vidole vile vile nilivyokuwa nimepigana navyo muhula mzima ili vikae sawasawa kwenye penseli.

Baadaye nilisoma na kugundua kwamba kisa cha kabati lililofungwa ni cha zamani kuliko mimi. Maria Montessori, daktari wa Italia aliyehitimu katika Chuo Kikuu cha Roma mwaka 1896, alifungua Casa dei Bambini, yaani Nyumba ya Watoto, tarehe 6 Januari 1907 katika mtaa wa wafanyakazi wa San Lorenzo mjini Roma. Kampuni iliyokarabati majengo ya kupangisha mtaani hapo haikuwa ikitafuta falsafa ya elimu. Ilitaka watoto wasichafue kuta na kuharibu ngazi wakati wazazi wako kazini. Walikusanywa watoto wapatao 50 chini ya mlezi mmoja ambaye hakuwa amesomea ualimu. Mwanzoni vifaa vilifungiwa kabatini na mlezi ndiye aliyevigawa. Siku moja alisahau kulifunga, na alipoingia akawakuta watoto wamelizunguka kabati lililo wazi, kila mmoja akijichukulia alichokitaka. Yeye aliuona ni wizi unaostahili adhabu. Montessori aliona kwamba watoto hao walikuwa wamevifahamu vifaa vyao kiasi cha kujua wanachokitaka, na tangu hapo vifaa vikahamia kwenye rafu fupi, wazi, za kimo cha mtoto. Nadhani nusu ya yale tunayoyaita kwa majina makubwa leo yalianza kwa usahaulifu ule.

Ni huko huko alikomwona mtoto wa kike wa miaka kama 3 akirudia vipande vya mviringo vya aina ile ile zaidi ya mara 40 mfululizo. Wenzake waliimbishwa kandokando yake, hakugeuka. Kiti chake kikainuliwa na yeye akiwa juu yake, kikawekwa mezani. Alivikumbatia vipande vyake mapajani akaendelea na kazi. Mtu mzima akiona hivyo husema mtoto huyu anachezea muda. Nami ningesema hivyo, kama sauti yangu isingalikauka.

Sasa nizungumzie mkono, kwa sababu hapo ndipo mimi na mzazi mwenzangu tunapoachana. Kifundo cha mkono wa mtu mzima kina mifupa 8 midogo. Mtoto anapozaliwa, yote hiyo bado ni gegedu; huanza kugeuka mfupa mmoja baada ya mwingine kwa muda wa miaka mingi, na wa mwisho kwa kawaida huanza kati ya umri wa miaka 9 na 12 hivi. Sisemi kwamba mtoto wa miaka 4 hawezi kushika penseli. Anaweza, na akiitaka mwenyewe apewe. Ninachosema ni kwamba kazi inayoutayarisha mkono wake kuandika si kuandika. Ni kumimina maji kutoka jagi dogo hadi kikombe bila kumwaga, kufunga na kufungua vifungo vya nguo, kufinyanga udongo, kukata karatasi kwa mkasi, kupitisha uzi kwenye tundu la shanga, kukamua sponji. Mzazi akipita dirishani na kumwona mwanawe anakamua sponji huona mchezo wa maji. Mimi huona kifundo kinachozunguka, vidole vinavyobana na kuachia, na jicho linalopima kama chombo kimejaa.

Herufi nazo huanza kwa mkono. Hukatwa kutoka kwenye msasa na kubandikwa juu ya kadi laini. Mtoto huzifuatisha kwa vidole viwili, kwa mwelekeo ule ule ambao kalamu itapita baadaye, huku mwalimu akitamka sauti ya herufi hiyo. Anaiona, anaisikia, na ncha za vidole zinaikumbuka. Halafu hupewa sanduku la herufi zilizokatwa moja moja, naye huanza kupanga maneno sakafuni kabla mkono wake haujaweza kuyaandika. Hapa sisi tunaosema Kiswahili tuna bahati ambayo watumiaji wa lugha nyingine hawana: lugha yetu huandikwa karibu kabisa na inavyotamkwa, na mtoto aliyejua sauti chache anaweza kujipangia "baba", "mama" na "bata" bila kusubiri tahajia za ajabu ajabu. Nimewashuhudia watoto wa miaka 5 wakipanga sakafuni sentensi nzima, isiyo na nafasi kati ya neno na neno, kisha wakaikusanya na kuirudisha sandukuni. Hakuna ukurasa uliobaki wa kwenda kuonyeshwa nyumbani. Mzazi aliambiwa, "Nimecheza."

Neno "kumfuata mtoto", ambalo sisi wa njia hii hupenda kulitumia, limetuletea balaa, kwa sababu linasikika kama kumwachia. Naomba nieleze mwalimu anafanya nini, maana kazi hiyo ni nzito kuliko ile ya kuchora nukta. Mtoto hachagui kitu chochote tu; anachagua miongoni mwa vitu ambavyo mwalimu amemwonyesha namna ya kuvitumia, na amemwonyesha polepole, kwa mikono kuliko maneno. Kila kifaa darasani ni kimoja. Anayekitaka wakati mwenzake anakitumia hungoja, au huchagua kingine, na aliyemaliza hukirudisha mahali pake kikiwa kamili, la sivyo wa pili ataudhika. Kuumiza hairuhusiwi, kuvunja hairuhusiwi, kumvuruga mwenzako aliyezama katika kazi hairuhusiwi. Mtoto anayerandaranda bila kushika chochote hualikwa na mwalimu, na akikataa huangaliwa kwa makini zaidi kesho yake.

Hata msamiati hufundishwa kwa utaratibu. Mfaransa Édouard Séguin, aliyefanya kazi na watoto waliodhaniwa hawafundishiki, aliacha njia ya hatua 3 ambayo Montessori aliichukua kwake, nasi tunaitumia mpaka leo. Mwalimu hutaja kwanza: "Hiki ni kinene. Hiki ni chembamba." Halafu huomba: "Nipe chembamba." Mwisho huuliza: "Hiki kikoje?" Mtoto akikosea katika hatua ya pili haambiwi kwamba amekosea, mwalimu hujua kwamba yeye mwenyewe ameharakisha, hulifunga somo kwa upole na kulirudia siku nyingine. Dakika chache, maneno machache. Baada ya hapo mwalimu hurudi kwenye kiti chake na daftari lake, kwa sababu katika darasa la namna hii anayeandika sana ni yeye: nani amechagua nini, amekaa nacho muda gani, amekwama wapi, yuko tayari kwa kipi.

Hesabu ni pale ambapo wageni wangu hunyamaza. Shanga 1 ni moja. Shanga 10 zilizotungwa kwenye waya mmoja ni kumi. Nyaya 10 zilizounganishwa ubavu kwa ubavu ni mraba wa mia, na miraba 10 iliyopandana ni mchemraba wa elfu. Mtoto huibeba elfu kwa mikono miwili na kuhisi uzito wake, kisha huweka shanga moja kando yake. Watu wazima wengi tumesoma makumi, mamia na maelfu ubaoni bila kuwahi kuhisi tofauti hiyo. Mtoto wa miaka 5 anayo mikononi kabla hajaijua alama ya kujumlisha.

Wapo watakaoniambia kuwa samaki mkunje angali mbichi. Nami nasema hivyo hivyo. Lakini anayejua kumkunja samaki hujua pia kwamba nguvu hazitakiwi, na kwamba kumkunja kabla hajatolewa majini si kuwahi. Katika mji wa Ypsilanti, jimbo la Michigan nchini Marekani, kati ya mwaka 1962 na 1967 watoto 123 wa familia maskini waligawanywa makundi mawili. 58 waliingia katika shule ya awali iliyoandaliwa kwa uangalifu na 65 hawakuingia. Katika utaratibu uliokuzwa shuleni humo, mtoto hupanga mwenyewe atakachofanya, hukifanya, kisha hukisimulia mbele ya wenzake. Alama za vipimo vya akili zilizopanda mwanzoni zilififia baada ya miaka michache ya shule ya msingi, na lau watafiti wangeishia hapo, wangesema fedha zimepotea. Hawakuishia hapo. Walipowafuatilia hadi umri wa miaka 40 walikuta kwamba waliopitia shule hiyo, kwa wastani, walimaliza sekondari kwa wingi zaidi, walikuwa na kipato kikubwa zaidi na walikamatwa na polisi mara chache zaidi. Siwezi kudai kwamba mchezo peke yake ndio uliofanya hayo: watoto walikuwa wachache, walimu wao walikuwa na mafunzo mazuri, na waliwatembelea wazazi nyumbani kila wiki. Ninachojifunza hapo ni kwamba kipimo tunachokikimbilia mtoto akiwa na miaka 5 si lazima kituonyeshe kilichoingia.

Nchini Ufini masomo ya darasa la kwanza huanza mwaka ambao mtoto anatimiza miaka 7, na mwaka wake wa awali umejaa mchezo. Sijasikia kwamba nchi hiyo imekosa wasomi.

Wala mimi si mfuasi wa kila neno. Montessori hakuwa na subira na michezo ya kuigiza ya watoto wadogo. Alipenda washike jagi la kweli kuliko la kujifanya. Mimi nina kona ya kuigiza darasani kwangu na sitaiondoa, kwa kuwa nimemsikia mtoto asiyetamka neno asubuhi nzima akitoa maelekezo ya dakika 10 akiwa "daktari". Mwanasaikolojia Mrusi Lev Vygotsky, aliyefariki mwaka 1934 akiwa bado kijana, aliona kwamba mtoto akiwa mchezoni huwa mrefu kuliko kimo chake cha kila siku, na katika hilo niko upande wake. Hata Mjerumani Friedrich Fröbel, aliyeanzisha shule yake ya watoto wadogo mwaka 1837 kwa mipira ya sufi na vipande vya mbao, alipingwa vikali: serikali ya Prussia ilizipiga marufuku shule hizo mwaka 1851, na marufuku hayo hayakuondolewa mpaka mwaka 1860, yeye akiwa kaburini. Vipande vya mbao vikiitisha serikali, basi mzazi wa leo ana haki ya kuwa na wasiwasi kidogo.

Hoja ya gharama huletwa na wenye shule zaidi kuliko wazazi. Ni kweli vifaa vya kiwandani ni ghali, na ndiyo maana hufungiwa. Lakini msasa, maboksi, vifuniko vya chupa, vitambaa, udongo na maji havihitaji kuagizwa, na mwalimu aliyefundwa kufaraguza zana anaweza kujaza rafu nzima katika likizo moja. Kisichoweza kufaraguzwa ni ufahamu wa mwalimu. Fedha ya kabati la kioo ingelipia mafunzo yake.

Kwa mzazi anayetafuta shule, neno lililoandikwa kwenye kibao lisimdanganye, maana jina la Montessori hubandikwa na yeyote anayetaka. Aombe kukaa darasani kwa robo saa akiwa kimya. Atazame rafu ziko kimo gani, na kama mtoto anaweza kuchukua kitu bila kuomba. Atazame vifaa: vilivyochakaa kwenye kingo ni dalili njema kuliko vinavyong'aa. Asikilize ni sauti ya nani inayosikika zaidi. Akisikia sauti ya mwalimu peke yake, na watoto wote wakiitikia kwa pamoja, ajue amefika katika darasa langu la zamani.

Na jioni, badala ya kuuliza "umeandika nini leo", amwombe mtoto amwonyeshe kwa mikono alichokifanya. Ampe bilauri mbili na maji kidogo. Huenda "nimecheza" likawa maelezo ya nusu saa.

Hata hivyo sitawatwisha wazazi mzigo wote. Walimu wa awali tunarudi kwenye nukta kwa sababu ya hofu, na hofu hiyo ina chanzo. Shule nyingi za msingi huwaweka watoto wa miaka 6 kwenye usaili wa maandishi kabla ya kuwapokea: mtoto aliyeachana na mama yake mlangoni huketishwa mbele ya mtu asiyemjua, hupewa karatasi na kalamu, na alichoandika katika dakika hizo huamua kama anastahili kufundishwa. Mzazi akijua hilo linamngoja, atadai madaftari. Mwenye shule ya awali akijua mzazi atamhamisha mtoto, ataamuru madaftari yajazwe. Mwalimu naye atashika mkono wa mtoto na kuuburuza. Kwa hiyo ombi langu la kwanza ni kwa wakuu wa shule za msingi, na ni dogo: wafute usaili huo wa maandishi, na badala yake wapokee kumbukumbu za mwalimu wa awali aliyemtazama mtoto huyo kwa miaka 2 au 3. Ombi la pili ni kwa wakaguzi wa shule: wanapotutembelea wasianze na madaftari ya watoto. Waombe ufunguo wa kabati, na kama upo ofisini, waandike hivyo katika ripoti yao.

Wako,
Mwalimu wa shule ya awali
(Jina na anwani vimehifadhiwa)